Dirisha Dogo, Safari Ndefu

Kuna kizazi cha Morogoro kilichojifunza intaneti kwa kusubiri, na mimi ni wa kizazi hicho. Mwaka 2008 nilishuka kutoka Kilakala hadi mjini, nikalipia nusu saa kwenye intaneti kafe moja yenye dishi juu ya bati, nikafungua fomu ya udhamini wa masomo. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuituma. Fomu ikafunguka nusu, muda ukaisha, na mfukoni hamkuwa na shilingi nyingine. Kwa miaka mingi nililaumu dishi.

Nilipokuja kusoma historia ya kerneli, ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inayotuma na kupokea data kwa niaba ya programu zote, nikagundua dishi lilikuwa na mshirika.

Habari inaanzia Oktoba 1986, Marekani. Laini kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha jirani, umbali usiofika mita 400, iliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Mashine zilikuwa zikituma upya mizigo iliyopotea, na hivyo kuzidisha msongamano ule ule. Van Jacobson na Michael Karels wakaitibu ndani ya kerneli ya BSD: anza na pakiti chache, subiri jibu, ongeza, zikipotea, punguza. Dawa nzuri kabisa. Intaneti ingekufa bila hiyo.

Lakini fikiria mchuuzi wa sokoni Morogoro anayeagiza mikungu mitatu ya ndizi kutoka Uluguru, halafu haagizi mingine mpaka ile mitatu ifike. Shamba likiwa nyuma ya nyumba, hakuna tabu. Likiwa juu mlimani, meza yake inashinda tupu hata kama njia ni nyeupe.

Shamba letu lilikuwa angani. Setilaiti za aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ombi likipanda, likashuka, jibu nalo likafanya vivyo hivyo, sekunde 0.6 zimekwisha. Windows XP, iliyojaa kwenye kafe zetu, kwa kawaida iliruhusu baiti 17,520 tu ziwe njiani kabla ya kujibiwa. Kiasi hicho huitwa dirisha. Gawanya kwa 0.6: baiti 29,200 kwa sekunde kwa kila muunganisho, hata ukiwa peke yako kafeni alfajiri. (Na nani aliwahi kuwa peke yake?)

Kinachoniuma ni kwamba njia ya kupanua dirisha ilichapishwa mwaka 1992, setilaiti zikitajwa waziwazi. XP yenyewe iliijua, ila haikuiwasha mpaka mtu aingie kwenye mipangilio ya ndani. Nani wa kafe angejua? Vista, iliyotoka 2007, ilijipanulia yenyewe, lakini kompyuta zetu zilikuwa mitumba.

Julai 2009 mkongo wa SEACOM ukafika Dar es Salaam, na shamba likashuka kutoka angani hadi chini ya bahari. Mwaka 2011 kerneli ya Linux, toleo 2.6.39, ikaanza kutuma pakiti 10 kwa mkupuo wa kwanza. Kurasa ndogo zikawa zinafika kwa safari moja au mbili.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa kwa mama, Kilakala, mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini. Simu yangu ya Android ina kerneli ya Linux ndani, yenye dirisha pana kupindukia. Safari hii barabara ndiyo haikuwepo. Kiduara kikazunguka kwenye kioo kama mwaka 2008, nami nikakitazama kwa subira ile ile ya zamani, mpaka mama akauliza kutoka jikoni, "Mwanangu, bando limekata?"

"Hapana mama," nikamjibu, "bando lipo."