Hesabu ndogo inavyomsaidia mfanyabiashara wa Tunduma kuamua

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

SWALI linalomkabili mfanyabiashara wa nafaka mjini Tunduma, mkoani Songwe, kila baada ya mavuno ni fupi, lakini halina jibu moja: auze mahindi yake papo hapo mpakani, au ayavushe kwenda Zambia?

Jibu hutegemea bei, nauli, foleni ya malori, thamani ya kwacha na maamuzi ya serikali mbili. Wengi huamua kwa mazoea, au kwa kusikia jirani alivyopata faida. Mwenye mtaji wa mkopo akikosea mara moja, huenda asipate mtaji wa msimu unaofuata.

Ipo njia ya kupunguza hatari hiyo, nayo ni kuunda modeli, yaani picha ndogo ya biashara iliyoandikwa kwa tarakimu. Modeli huchukua mambo machache yenye uzito na kuyaacha mengine. Daftari na kalamu hutosha, ingawa tangu programu ya VisiCalc ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1979, hesabu za aina hii hufanywa pia kwa kompyuta.

Tuseme, kwa mfano tu, mfanyabiashara ana magunia 300 ya kilo 100 aliyoyanunua kwa Sh60,000 kila moja. Vifungashio, vibali na upakiaji humgharimu Sh3,000 kwa gunia. Jumla ametumia Sh18,900,000.

Akipata mnunuzi wa Sh66,000 kwa gunia hapo Tunduma, atapokea Sh19,800,000, na faida yake itakuwa Sh900,000.

Akienda Kasama, kaskazini mwa Zambia, nauli ya lori ni Sh2,400,000. Gunia linauzwa kwacha 760, na kila kwacha ni sawa na Sh100. Mapato ni Sh22,800,000 na faida Sh1,500,000. Kwa mtazamo wa kwanza, Kasama ni bora.

Hatua inayofuata ni kubadili tarakimu moja baada ya nyingine na kutazama faida inavyokwenda. Iwapo lori hutozwa Sh150,000 kwa kila siku linapokwama mpakani, siku nne za foleni huishusha faida ya Kasama hadi Sh900,000, sawa na ya Tunduma. Siku 10 huimaliza yote.

Thamani ya kwacha ina makali zaidi. Ikishuka kutoka Sh100 hadi Sh96, mfanyabiashara hupoteza Sh912,000, hasara inayozidi ya siku sita za foleni. Ikifika Sh93, safari nzima ni hasara.

Kwa hesabu hiyo, swali pana la awali limegeuka kuwa maswali mawili yanayoweza kuchunguzwa: foleni ni ya siku ngapi wiki hii, na je, mnunuzi wa Kasama atakubali bei ya kulipwa kwa shilingi?

Hali ya foleni nayo hubadilika. Oktoba 2019, marais wa wakati huo, John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia, walizindua Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani cha Tunduma na Nakonde ili maofisa wa nchi mbili wahudumie mizigo mahali pamoja. Hata hivyo, foleni ndefu ziliripotiwa tena miaka iliyofuata, hivyo si busara kuandika sifuri kwenye safu ya siku.

Aidha, yapo mambo ambayo modeli haiwezi kuyatabiri. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Mwaka 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa, na mahitaji yake ya mahindi yakaongezeka. Kwa matukio kama hayo, mfanyabiashara hujiuliza ni kiasi gani cha mtaji anaweza kukipoteza bila kufunga biashara, kisha havushi mzigo unaozidi kiasi hicho.

Baada ya safari, inafaa kuandika tarakimu halisi kando ya zile zilizokisiwa. Baada ya safari tatu au nne, mfanyabiashara ataona ni makisio yapi humdanganya mara kwa mara, na ataanza hesabu ya msimu mpya kwa kuyasahihisha hayo.