Ekseli ya Nyuma na Njia ya Tunduma

Walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru pasipo ridhaa ya Uingereza, tarehe 11 Novemba 1965, na vikwazo vya mafuta vilipofuata mwezi wa Desemba, Zambia, ambayo petroli yake ilikuwa ikipitia kusini, ilijikuta imefungiwa mlango. Ikawa hapana budi mapipa yapakiwe katika malori Dar es Salaam, yasafirishwe kiasi cha kilomita 1,900 hadi Lusaka, kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, katika barabara iliyokuwa kwa sehemu kubwa ya udongo, vumbi tupu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Wageni waliiita Njia ya Jahanamu.

Madereva wa safari zile wamesifiwa, nao wanastahili. Mafundi waliolala chini ya malori hawakupata sifa kama hiyo, ilhali shehena iliyopanda mlima wa Kitonga ilipanda kwa nguvu ya meno ya krauni na pinioni, gia kubwa na ndogo zilizoumana gizani ndani ya ekseli ya nyuma.

Difu, chombo cha ndani ya ekseli hiyo kiruhusucho gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani katika kona, Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliibuni kwa gari la mvuke katika miaka ya 1820. Rehema kubwa zaidi kwa msafiri wa malori mazito ni mpango wa shafti: uzito hubebwa na gamba la ekseli na beringi za habu, na shafti haina kazi ila kuzungusha gurudumu. Ikikatika porini, fundi hufungua nati zilizo usoni mwa habu, akaivuta nje, na gurudumu likabaki limekanyaga chini na mzigo wote juu yake. Mtihani ni kile kipande kilichosalia ndani, ambacho aghalabu huvuliwa kwa kitanzi cha waya, kwa subira, mithili ya mtu aopoaye ndoo kisimani.

Difu nayo ikifunguliwa, kuirudisha mahali pake ni elimu nyingine. Nimemtazama mzee mmoja akipaka rangi meno machache ya krauni, akaizungusha pinioni huku na huku, kisha akainama na kurunzi kusoma alama: rangi ikifutika karibu na ncha ya jino, pinioni iko mbali mno, ikifutika shinani, imesogea mno, naye huongeza au kupunguza vibati vyembamba kuliko ukucha, akapaka tena, akasoma tena, hata alama ikakaa katikati. Alifanya hivyo tangu asubuhi hadi alasiri, wala sikumwona akikasirika. Meno yaliyobanwa mno huungua. Yaliyolegea mno hugonga hadi yakavunjika.

Bomba la mafuta la TAZAMA kati ya Tanzania na Zambia lilifunguliwa mwaka 1968, lami ikafuata, na reli ya TAZARA kati ya nchi hizo ikakamilika mwaka 1975. Malori ya siku zile yakatawanyika kwenye mashamba na machimbo ya mawe, mengine yangali yamelala uani mwa watu. Nawe usomaye, ukiwa na moja, usikubali wauza vyuma chakavu wachukue krauni na kuacha pinioni: viwili hivyo vilisagwa pamoja kiwandani na aghalabu hupigwa nambari moja, na kimoja bila mwenziwe hakifai tena kwa safari.