London hadi Johannesburg: Safari Iliyopimwa kwa Ruhusa

Ukivuta uzi juu ya tufe kutoka London hadi Johannesburg utapata kilomita 9,000 na ushei, na uzi huo haujawahi kurefuka wala kufupika. Safari yenyewe ndiyo iliyobadilika, na sifa zote huwa tunazipa injini. Nadhani hapo tunawapunja wenye anga. Mwaka 1932, Imperial Airways ilipoanza kupeleka abiria hadi Cape Town, safari ilikula siku 11 hivi. Ndege zilikwenda polepole, kweli, na usiku abiria walilala hotelini. Lakini si hilo tu. Italia ilikuwa imeinyima kampuni hiyo anga yake, kwa hiyo abiria alishuka Paris, akasafiri kwa treni hadi Brindisi, ndipo akapanda ndege ya majini kuvuka Mediterania. Kuanzia Khartoum akawa anarukaruka kama panzi: Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma, Mbeya, na bado Rhodesia zote mbili zilikuwa mbele yake. Rubani alihitaji mafuta kila baada ya saa chache, na mafuta hayo yaliwekwa kule ambako Mwingereza hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Atatokea wa kusema kwamba jeti ilifuta hayo yote. Ni kweli kwamba Comet, jeti ya shirika la Uingereza la BOAC, iliyoondoka London tarehe 2 Mei 1952 ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na bado ikafika Johannesburg kabla saa 24 hazijatimia. Hata hivyo, kama injini ndiyo kila kitu, jeti za kizazi kimoja zingepita njia moja. Historia ilileta jaribio lake yenyewe. Agosti 1963, miezi mitatu baada ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, kuundwa Addis Ababa, nchi za Afrika zilianza kuifungia anga South African Airways kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Boeing 707 zake zikalazimika kuizunguka nundu ya Afrika Magharibi juu ya bahari, zikitua Luanda na Las Palmas, na baadaye kisiwa cha Sal. Waingereza, kati ya miji ile ile miwili, waliendelea kupitia Nairobi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba marufuku hiyo haikuzuia chochote: ndege zilifika, na hata Cape Verde ilipopata uhuru mwaka 1975 iliendelea kuzipokea Sal, maana ilihitaji fedha. Sibishi. Lakini mwaka 1976 serikali ya Pretoria ililazimika kununua Boeing 747SP, jumbo iliyokatwa kiwiliwili ili ifike mbali, ikiwa na viti vichache kuliko ndugu yake. Anga ilipofunguliwa mwaka 1991, ndege za aina ile ile, kwa mwendo ule ule, zikaanza kufika London mapema zaidi.