OneDrive: programu inayokula mega kimyakimya, na namna ya kuiongoza

Mjini Baraka kuna lawama inayosikika karibu kila mahali watu wanapounganisha ordinateri na simu: "Mega zinaisha bule!" Mtu ameweka forfe asubuhi, ametuma ripoti moja tu kwa imeili, video hajaangalia hata moja, na saa sita mchana simu inamwandikia kwamba mega zimekwisha. Wengine wanasema ni virusi. Wengine wanalaumu kampuni ya simu. Mara nyingi jibu liko ndani ya mashine yenyewe: ile alama ndogo ya wingu iliyo chini ya skrini, upande wa kulia, karibu na saa.

Alama hiyo ni ya OneDrive, programu ya Microsoft ya kuhifadhi faili kwenye intaneti. Ilianza mwaka 2007 kwa jina la SkyDrive, ikabadilishwa jina mwaka 2014. Katika Windows 10 na Windows 11 inakuja ikiwa imeshawekwa, ndiyo maana wengi wanashangaa kuiona: hawakuipakua wao. Mwenye mashine akishaingiza akaunti yake ya Microsoft, programu inaamka kila mara mashine inapowashwa na kufanya kazi nyuma ya pazia, bila kufungua dirisha lolote.

Inafanya nini huko nyuma?

Kazi yake ni kuchunga folda. Faili ikiongezwa au ikibadilishwa ndani ya folda ya OneDrive, programu inapeleka nakala kwenye seva za Microsoft. Faili ikibadilishwa kutoka mashine nyingine yenye akaunti ileile, inaleta mabadiliko hayo huku. Mara nyingi inachunga pia folda tatu ambazo kila mtu anazitumia: Bureau, Documents na Images. Hapo ndipo mega zinapoondokea.

Hesabu yake si ngumu. Katibu wa shule akihamisha picha 300 kutoka kwenye simu hadi Images, na kila picha ina mega 4, hizo ni mega 1,200, yaani zaidi ya giga moja. Yeye anadhani amehamisha picha kwa waya tu, bila intaneti. Lakini siku atakapounganisha mashine ili atume barua ya ukurasa mmoja, OneDrive itaanza kupandisha picha zote 300.

Mahali ambapo intaneti inalipwa kwa mwezi na haina kipimo, hakuna anayeona tatizo. Baraka, Fizi-Centre na vijiji vya kando ya ziwa, wengi wanapata mtandao kwa kugawa ule wa simu. Windows haijui jambo hilo. Wi-Fi ya simu inaichukua kama Wi-Fi nyingine yoyote, na inatumia bila huruma.

Kuhakikisha kama ni yenyewe

Kabla ya kulaumu, ni vizuri kuangalia. Katika mashine yenye Windows ya Kifaransa, vibonye vya Ctrl, Maj na Échap vikibonyezwa pamoja vinafungua "Gestionnaire des tâches". Kwenye safu ya "Réseau" inaonekana kila programu inatumia mtandao kiasi gani kwa wakati ule. Namba ikipanda mbele ya Microsoft OneDrive, mla mega amejulikana. Ikipanda mbele ya jina lingine, basi huenda ni Windows yenyewe inajisasisha, au ni programu nyingine ya wingu. Google Drive na Dropbox nazo zinachunga folda kwa mtindo huohuo.

Anayeogopa virusi abonyeze jina hilo kwa kibonye cha kulia cha kipanya na kuchagua "Ouvrir l'emplacement du fichier". OneDrive ya kweli inakaa ndani ya folda za Microsoft, ama katika Program Files ama katika AppData ya mtumiaji. Programu yenye jina hilo ikikutwa mahali pengine, kwa mfano ndani ya flashi, kuna sababu ya kuishuku.

Kuiongoza bila kuiua

Wengine wanaifunga kwa nguvu kila asubuhi. Haileti madhara makubwa, ila mashine ikiwashwa tena, nayo inarudi. Kuna njia nne zilizo bora zaidi.

Ya kwanza ni kuiambia Windows kwamba mtandao wa simu una kipimo. Katika "Paramètres", sehemu ya "Réseau et Internet", mtu anafungua Wi-Fi aliyounganishwa nayo na kuwasha "Connexion limitée". Kwa kawaida OneDrive ikiona hivyo inasimama yenyewe, na Windows pia inapunguza kujisasisha. Jambo moja linasahauliwa sana: mpangilio huu unashika kwa jina la mtandao ule tu. Mtu akiazima simu ya ndugu yake, sharti auwashe tena.

Ya pili ni kuisimamisha kwa muda. Alama ya wingu ikibonyezwa, kuna nafasi ya kusitisha kazi kwa saa 2, 8 au 24. Hiyo inamfaa mwenye haraka ya kutuma kitu kimoja tu.

Ya tatu ni kupunguza kinachochungwa. Katika mipangilio ya OneDrive, sehemu ya hifadhi ya nakala, mtu anaweza kutoa Images na Bureau, akabakisha Documents peke yake. Lakini asishtuke: baada ya kutoa folda, Bureau inaweza kuonekana tupu. Faili hazijapotea, ziko ndani ya folda ya OneDrive na zinaweza kurudishwa kwa mkono.

Ya nne ni kuizuia isiamke na mashine, kupitia ukurasa wa programu za kuanzia ndani ya "Gestionnaire des tâches". Mwenye mashine ataifungua mwenyewe siku ambayo mega zipo.

Makosa yanayoumiza zaidi kuliko mega

Mega zikipotea, zinanunuliwa nyingine. Faili zikipotea ni shida kubwa zaidi.

Kosa la kwanza ni kufuta faili katika folda ya OneDrive ili kupata nafasi kwenye diski. Ikifutwa hapo, inafutwa pia kwenye wingu na kwenye kila mashine ya akaunti ile. Anayetaka nafasi abonyeze faili kwa kibonye cha kulia na kuchagua "Libérer de l'espace". Faili itabaki kwenye wingu na jina lake litaendelea kuonekana. Aliyekwisha kufuta asikate tamaa: kwenye tovuti ya OneDrive kuna kapu la takataka, ambalo kwa akaunti za kawaida linatunza faili kwa siku 30.

Kosa la pili ni kudhani kwamba kila jina linaloonekana lipo ndani ya mashine. Faili yenye alama ya wingu la buluu iko kwenye intaneti tu; bila mtandao, haifunguki. Yenye alama ya kijani imo ndani. Jambo hili si dogo katika nchi ambayo, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018 na kurudi karibu wiki tatu baadaye, Januari 2019. Muuguzi ambaye rejista zake zote zina wingu la buluu, siku kama hiyo hana rejista. Faili za lazima zichaguliwe "Toujours conserver sur cet appareil", ili zikae pande zote mbili.

Kosa la tatu ni la kwenye sekretaria, pale ambapo mashine moja inahudumia watu wengi. Mteja akiacha diploma yake kwenye Bureau, na OneDrive ya mwenye mashine inachunga Bureau, nakala ya diploma imeingia katika akaunti ya mtu mwingine. Na mteja akifungua akaunti yake pale bila kuitoka, faili zake zinabaki mikononi mwa atakayekuja baadaye. Mwenye sekretaria anayejali wateja wake aondoe Bureau katika hifadhi, na kazi za wateja aziweke kwenye folda ya peke yake iliyo nje ya OneDrive.

Kwa nini isitupwe kabisa?

Programu hii inaweza kuondolewa kama nyingine yoyote. Kabla ya hapo, ni vizuri kufikiri. Watu wa Fizi wanajua maana ya kuondoka nyumbani usiku bila kubeba kitu. Wengi walivuka Ziwa Tanganyika, na kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, iliyofunguliwa mwaka 1996, imepokea wengi kutoka upande huu. Maji ya ziwa nayo yamepanda na kuingia majumbani. Mashine inaibwa, inalowa, inaungua. Nakala ya diploma, ya cheti cha kuzaliwa au ya palmares za shule iliyo kwenye wingu inaweza kufunguliwa Uvira, Kigoma au popote penye mtandao.

Nafasi ya bure ya OneDrive ni giga 5. Kwa video ni kidogo sana, lakini kwa karatasi za familia nzima inatosha na kubaki. Kwa hiyo wenye busara wanapeleka huko karatasi, na picha za harusi wanaziweka kwenye flashi.

Limebaki neno la mlango. Mara nyingi akaunti inatuma namba ya siri kwenye simu ya mwenyewe. Laini ikipotea safarini, mlango nao umefungwa. Ndiyo maana inafaa kuongeza imeili ya pili au namba ya mtu wa kuaminika, na kuandika neno la siri kwenye karatasi inayotunzwa mbali na mashine. Tena, akaunti ya Microsoft isiyofunguliwa kwa miaka 2 inaweza kufungwa. Kuingia mara mojamoja kunatosha kuiweka hai.

Basi ile alama ya wingu si mwizi wala virusi. Ni mfanyakazi asiyejua bei ya mega. Mwenye mashine ndiye wa kumwambia afanye kazi lini, na achunge nini.