Binti wa Bergen na Krismasi ya Norway

Mei 1986, mashindano ya nyimbo ya Eurovision yalifanyika Bergen, mji wa bandari magharibi mwa Norway. Katika mapumziko, kabla matokeo hayajatangazwa, alipanda jukwaani binti wa miaka 16, mzaliwa wa mji huohuo. Hakuwa akishindania tuzo yoyote. Lakini televisheni za nchi nyingi zilikuwa zimewashwa, na watu wakalishika jina lake: Sissel Kyrkjebø.

Mwaka huohuo alitoa albamu yake ya kwanza, ikapendwa mno. Mwaka 1987, akiwa na miaka 18, akatoa albamu ya Krismasi, Glade Jul. Norway ilikuwa na watu milioni 4 na ushei tu, lakini albamu hiyo ilinunuliwa kwa mamia ya maelfu, ikaingia katika orodha ya zilizouzika kuliko zote katika historia ya nchi.

Nguvu ya albamu hiyo haikutoka katika tungo mpya. Sissel alichota kwenye hazina ambayo kila nyumba ya Norway ilikuwa nayo tayari. Wimbo unaoipa albamu jina ni ule uliozaliwa Oberndorf, karibu na Salzburg nchini Austria, ukaimbwa mara ya kwanza kwa gitaa mkesha wa Krismasi ya 1818. Maneno yalikuwa ya padri Joseph Mohr, tuni ya mwalimu Franz Xaver Gruber. Makanisa yetu ya Afrika Mashariki nayo huiimba tuni hiyo kwa Kiswahili kila mwaka.

Maneno wanayoyaimba Wanorway yametokana na shairi la Mdenmark, Bernhard Severin Ingemann, la mwaka 1850. Hilo lina sababu yake. Norway ilikuwa chini ya wafalme wa Denmark kwa karne nyingi hadi 1814, na hata baada ya kutengana, nyimbo za ibada kutoka Denmark ziliendelea kuimbwa Norway. Ingemann huyohuyo ndiye aliyeandika Deilig er jorden, wimbo ambao kwa Wanorway wengi ndio kilele cha ibada ya mkesha. Baadaye wenyeji waliongeza zao: mwaka 1931 Jakob Sande, mshairi wa magharibi mwa nchi, aliandika Det lyser i stille grender kwa Kinorway cha huko vijijini.

Nyimbo zenye umri huo ni rahisi kuziharibu kwa madoido. Sissel aliziacha zisimame zenyewe. Alikuwa amelelewa katika kwaya ya watoto ya Bergen chini ya Felicity Laurence tangu utotoni, na malezi hayo yanasikika: sauti ya juu, nyepesi, kila neno likitamkwa likaeleweka. Mimi naona hapo ndipo siri ilipo. Bibi na mjukuu wangeweza kuimba pamoja naye bila kuachwa nyuma, na Desemba, mwezi ambao Bergen huona mwanga wa jua kwa saa 6 hivi kwa siku, watu hukaa ndani na kuimba sana.

Dunia ilimjua zaidi baadaye. Aliimba kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Lillehammer mwaka 1994, na sauti isiyo na maneno inayopita katika muziki wa filamu ya Titanic ya 1997 ni yake. Mtunzi James Horner alimchagua baada ya kusikia rekodi zake. Krismasi hakuiacha. Desemba 2006 aliimba na kwaya kuu ya Wamormoni huko Salt Lake City, na matamasha yake ya Krismasi yanaendelea nchi za Skandinavia.