Nyumba Isiyoacha Taka

Msomaji, ukiufuata Mto Tana kutoka mji wa Garissa, ukapanda kuelekea unakotoka, utafika Balambala. Nchi hiyo ni kavu, nchi ya migunga na mchanga, na wenyeji wake walio wengi ni Wasomali, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Nataka uitazame pamoja nami nyumba ya mfugaji wa zamani, kwa maana ina fundisho juu ya jambo linalotusumbua leo, yaani taka.

Nyumba hiyo huitwa aqal. Wanawake ndio walioijenga, kwa fito zilizopindwa na mikeka waliyoisuka kwa mikono yao. Siku ya kuhama ilipowadia waliibomoa. Mikeka wakaitandika mgongoni mwa ngamia, na fito wakazifunga ubavuni ili zishike mizigo. Hivyo nyumba yenyewe iligeuka kuwa tandiko. Maziwa yaliwekwa katika vyombo vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea, vikafukizwa moshi ili yasiharibike upesi. Ngozi ya mnyama ilikuwa kamba, viatu na ndoo ya kutekea maji kisimani. Kilichochakaa kilitiwa kiraka. Kisichotengenezeka kiliachwa, na mchwa wakakimaliza.

Je, watu hao walikuwa wema kuliko sisi? La, tusijidanganye. Mwalimu wao alikuwa ngamia. Kila kitu cha nyumbani kilipimwa kwa mgongo wake, na kisichokuwa na kazi hakikupata nafasi juu yake.

Baadaye maduka yalifunguliwa, na watu wengi wakakaa mahali pamoja. Vilikuja vyombo vya bati, kisha vya plastiki, wala havikuja kama adui. Dumu la mafuta ya kupikia ni jepesi, tena halivunjiki upesi. Mafuta yakiisha hutekewa maji, likabebwa na punda miaka mingi. Gurudumu la gari likichakaa hukatwa viatu vya akala. Katika kambi za Dadaab, zilizo katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa na zilizoanza kupokea wakimbizi wa Somalia mwaka 1991, watu waliyapasua makopo ya mafuta ya msaada, wakayanyosha, wakayaunganisha yakawa milango. Waona basi kwamba desturi ya kukipa kitu kazi ya pili haikufa.

Lakini mfuko mwembamba wa plastiki haukuwa na kazi ya pili. Ulichukua sukari kutoka dukani hadi nyumbani, kisha upepo ukaupeleka mwibani. Mbuzi akiufuata kwa ajili ya mabaki ya chakula huumeza. Tumbo lake haliwezi kuuyeyusha; mifuko ikikusanyika humo huziba njia, na mnyama hufa kwa njaa ilhali tumbo limejaa. Kwa mfugaji hiyo si hasara ndogo, kwani mnyama ndiye maziwa ya watoto, karo ya shule na akiba ya siku ya kiangazi.

Tarehe 28 Agosti 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutumika Kenya nzima. Mwenye kuivunja aliwekewa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili. Mwaka 2022 ikafuata sheria nyingine, iliyoagiza taka zitengwe, zinazooza kando na zisizooza kando. Agizo hili lina faida kwa mkulima wa kando ya Tana, maana maganda ya matunda na samadi ya zizini, vikioza pamoja, huirutubisha shamba.

Hata hivyo, sheria haiingii kila jikoni. Nyumba ya mawe na bati haihami, wala hakuna ngamia wa kutupimia mizigo yetu. Hapana budi basi tuipime wenyewe. Kabla hujanunua kitu, jiulize: kikichakaa kitakuwa nini? Wahenga walisema akiba haiozi. Mfuko wa plastiki nao hauozi, lakini si akiba. Ni deni tunalowaachia mifugo wetu na watoto wetu walipe.