Mgandamizo wa maji: namna unavyoua au kuacha hai seli

Katika mtaa wa Bertrams, mashariki mwa kitovu cha jiji la Johannesburg, kama ilivyo katika mitaa mingi ya jiji hilo, mlo wa haraka na wa bei nafuu ni kota: robo ya mkate iliyochimbwa ndani na kujazwa chipsi, achari na poloni. Poloni ni nyama laini iliyopikwa kiwandani, na kwa kawaida huliwa bila kupikwa tena.

Tarehe 4 Machi 2018 Waziri wa Afya wa Afrika Kusini wa wakati huo, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba poloni ndiyo iliyokuwa chanzo cha mlipuko wa ugonjwa wa listeriosisi. Zaidi ya watu 1,000 waliugua katika miaka ya 2017 na 2018, na zaidi ya 200 walifariki dunia. Wengi wa wagonjwa walikuwa katika jimbo la Gauteng, na watoto wachanga walikuwa sehemu kubwa yao.

Bakteria wa listeria huuawa na moto, lakini wanaweza kuingia katika nyama baada ya kupikwa, inapokatwa na kufungashwa. Aidha, huzaliana hata ndani ya jokofu. Je, wanaweza kuuawa ndani ya kifurushi kilichokwisha kufungwa? Njia mojawapo ni mgandamizo mkubwa wa maji.

Kila mita 10 za kina cha maji huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa tunayoishi ndani yake. Chini kabisa ya Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, mgandamizo hukaribia mara 150 ya ule wa hewa. Mashine za viwanda vya chakula hufikia mara 6,000. Kifurushi hutumbukizwa majini ndani ya chombo kinene cha chuma kwa dakika chache. Kwa kuwa maji husukuma kwa nguvu sawa kutoka pande zote, nyama haipondeki.

Seli, hata hivyo, huathirika kwa namna nyingine. Mgandamizo hulazimisha kila kitu kichukue nafasi ndogo zaidi. Mafuta ya utando unaoizunguka seli hubanana na kukakamaa, na utando hushindwa kudhibiti kinachoingia na kinachotoka. Protini nyingi hupoteza umbo lake, na bila umbo hilo hazifanyi kazi. Bakteria wa kawaida wa utumbo, E. coli, huacha kukua mgandamizo unapofika takriban mara 500 ya ule wa hewa. Vitamini na viini vya harufu, ambavyo ni molekuli ndogo zilizoshikana imara, haviguswi sana. Ndiyo maana ladha ya chakula haibadiliki mno.

Wazo hili si geni. Mwaka 1899 Bert Hite, mtafiti wa West Virginia nchini Marekani, alichapisha majaribio ya kuhifadhi maziwa kwa mgandamizo. Bidhaa za kwanza, jemu za matunda, ziliuzwa Japan mwaka 1990.

Si kila seli inayoshindwa. Bakteria wengine hujifunika kwa gamba gumu na kuwa spora, ambazo mgandamizo pekee hauziui. Viumbe wa vilindi vya bahari wana utando wenye mafuta laini yasiyokakamaa upesi. Na mwaka 2008 wanasayansi walieleza juu ya bakteria anayeishi katika maji ya nyufa za miamba, kilomita 2.8 chini ya ardhi, kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng, magharibi mwa Johannesburg.

Mashine hizo ni ghali, na haziondoi haja ya usafi kiwandani. Kwa muuzaji mdogo wa kota, kinga iliyo karibu ni ileile ya zamani: jokofu lenye baridi ya kutosha, kisu safi, na moto. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu ya mwili hushauriwa wasile nyama za aina hiyo kabla hazijapashwa moto hadi zitoe mvuke.